Nyumba Inayokunjwa Kama Taa ya Karatasi

Taa na nyumba ni vitu viwili mbalimbali, na mtu akikwambia kuwa ni ndugu wa tumbo moja utamwona ana lake. Hata mimi nilikuwa nikidhani hivyo mpaka nilipofika Buna. Leo, msomaji wangu, nakuomba unipe nafasi nikueleze kwa nini nimebadili fikira, kisha wewe mwenyewe utaamua.

Nilipokuwa mtoto wa chuoni, juzuu yangu ya kwanza ingali mkononi, mjomba wangu aliyekuwa baharia wa meli za shehena alirudi Mombasa kutoka safari ya Mashariki ya Mbali. Kashani mwake mlikuwa na kitu cheupe, bapa, mviringo, mfano wa kawa la kufunikia chakula lililokanyagwa na gari. Mjomba akashika ukingo wa juu, mimi akanipa wa chini, akavuta taratibu. Kile kitu kikarefuka kama kodiani ya taarabu inapovutwa, kikajaa, kikawa mfano wa boga kubwa. Akatia mshumaa ndani, akakitundika barazani. Sisi tuliozowea koroboi yenye kututia masizi puani, tulikaa kimya. Mwanga wake haukuchoma macho. Ulitua juu ya nyuso za watu kama mbalamwezi ya kumi na nne.

Mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakuipenda taa ile. Nyumba yetu ilikuwa ya makuti, na kwa hesabu yake karatasi, mshumaa na makuti ni maadui watatu waliolazwa chumba kimoja. Taa ikakunjwa, ikarudi kashani, na huko mende wakaila, maana gundi yake ilikuwa ya wanga. Huo ndio ukawa mwisho wake, nami nikaisahau kwa miaka zaidi ya arobaini.

NJIANI KWENDA MOYALE

Buna ni mji mdogo katika kaunti ya Wajir, upande wa kaskazini, kwenye njia itokayo Wajir kwenda Moyale katika mpaka wa Uhabeshi. Wakaazi wake wengi ni Waajuran, watu ambao baadhi yao husema Kisomali na wengine Kiborana, na wote ni ndugu zetu katika Uislamu. Wazee waliopata kusimuliwa habari za vita watalikumbuka jina hilo: mwaka 1940, Waitaliani walipoitwaa Moyale, waliteremka mpaka Buna kabla ya kutimuliwa. Zaidi ya hapo, magazeti yetu hayaitaji Buna ila wakati wa ukame au wa ugomvi. Ufundi wa mikono ya watu wake hautajwi.

Mimi nilikwenda huko kwa shughuli nyingine kabisa. Alasiri moja, pembezoni mwa mji, nikaona aila moja inawasili na ngamia zake. Ngamia mmoja alikuwa amebeba mzigo wa ajabu. Kila ubavu wake zilisimama fito ndefu zilizopindwa, zikapanda juu na kuinama, na katikati pamerundikwa mikeka iliyoviringwa, vibuyu na vyombo vya kusukwa. Mtu wa pwani akitazama hawezi kujizuia: niliona mataruma ya jahazi. Nilidhani yule mnyama amebeba jahazi lililovunjwa.

Wanawake wawili na msichana mmoja wakampigisha ngamia magoti, wakafungua kamba, wakashusha. Wanaume walikuwa na mifugo. Hakuna aliyekuja kusaidia, wala hakuna aliyetarajiwa. Fito zikachomekwa ardhini kwa duara, vichwa vyake vikakutanishwa juu na kufungwa, nyingine ndogo zikapita kwa kukingama. Palikuwa na mbavu tupu, mithili ya kizimba cha kuku wa majitu. Kisha mikeka ikafunguliwa, ikatandazwa juu ya mbavu, mmoja ukilalia mwenziwe kama makuti yanavyolaliana, kamba zikapitishwa na kukazwa. Adhana ya magharibi ilipolia, nyumba ilikuwa imesimama. Hapakuwa na msumari hata mmoja.

Usiku ulipoingia, moto mdogo ukawashwa ndani. Nilikuwa nimekaa mbali kidogo juu ya jamvi. Mwanga ukapenya baina ya nyuzi za mikeka, na nyumba nzima ikawaka kwa utulivu katika kiza kile, mbavu zake zikionekana kwa ndani. Hapo ndipo nilipoikumbuka taa ya mjomba.

KALIBU NA UPAPI WA MWANZI

Nitaanza kwa taa, kisha nirudi kwenye nyumba, ili msomaji apate kulinganisha.

Wajapani huiita taa hiyo chochin, na mji unaosifika zaidi kwa kuitengeneza ni Gifu. Sifa hiyo ina sababu yake. Karibu na Gifu ipo Mino, nchi ya karatasi ya mkono tangu zama za kale, na mianzi mizuri haiko mbali. Fundi hukaa pale penye mali ghafi, kama mafundi wetu wa makumbi wanavyokaa penye minazi.

Karatasi ya Mino hutokana na gome la ndani la mti uitwao kozo, jamaa wa mforosadi. Gome huchemshwa, likasafishwa kwa vidole ndani ya maji baridi, uchafu mmoja mmoja, kisha likapondwa mpaka nyuzi zikaachana. Nyuzi hizo hutiwa ndani ya sinia kubwa la maji pamoja na ute wa mzizi wa mmea ulio wa ukoo wa bamia. Mpishi yeyote wa pwani anaujua utelezi wa bamia. Mjapani ameutumia ili nyuzi zielee sawasawa wala zisizame. Fundi huchota kwa chekecheke la vijiti vya mwanzi, akalitikisa huku na huku, maji yakachuruzika na nyuzi zikafumana. Kinachobaki ni karatasi nyepesi inayopitisha mwanga, na juu ya wepesi wake haichaniki kwa urahisi. Mwaka 2014 UNESCO iliingiza karatasi ya Mino, pamoja na nyingine mbili za namna yake, katika orodha ya turathi za wanadamu.

Mwenye kutengeneza taa huanza na kalibu. Ni mbao nyembamba zilizochongwa kama vipande vya tikiti, zikasimamishwa kuzunguka mhimili mmoja mpaka zikatoa umbo la taa inayotakiwa. Kila ubao umetiwa mikato midogo kwenye ukingo wake wa nje. Upapi wa mwanzi, mwembamba kuliko kijiti cha kuchokolea meno, huzungushwa ukipita katika mikato hiyo, kutoka juu mpaka chini. Hizo ndizo mbavu. Juu yake hupakwa gundi, karatasi ikabandikwa kipande baada ya kipande, na panapokutana vipande viwili ziada hukatwa kwa wembe ili mwanga usionyeshe kovu. Ikikauka, fundi hutia mkono katika tundu la juu na kuitoa kalibu, ubao mmoja mmoja, mpaka ndani mkawa mtupu.

Taa sasa imesimama kwa mbavu na ngozi yake peke yake, na kwa kuwa mbavu hazikufungwa kwa kitu kigumu, taa yaweza kukunjwa ikawa bapa. Zamani msafiri wa Kijapani aliweza kuichukua njiani bila ya kumlemea. Taa za Gifu hutiwa nakshi za maua na ndege, na hutundikwa zaidi katika siku za Bon, wakati wa kiangazi, wanapoamini kuwa roho za wazee wao huwazuru. Hiyo ni itikadi yao na sisi tuna yetu. Hapa tunatazama kazi ya mkono.

Ufundi huu wenyewe umetokea China, kama ilivyotokea huko karatasi. Sisi karatasi ilitujia kwa njia nyingine. Ilipita Samarkand, ikafika Baghdad katika karne ya nane, na Waarabu wakaieneza pamoja na elimu yao. Neno letu "karatasi" ni lile lile "qirtas" ambalo msomaji atalikuta katika Surat Al-An'am. Na taa pia: kandili, fanusi, yote yametujia kwa njia hiyo ya bahari na vitabu. Koroboi na karabai ndizo zilizokuja baadaye na mafuta ya taa.

MBAVU NA NGOZI YA NYUMBA

Sasa turudi Buna. Fito za nyumba hazikatwi ovyo. Huchaguliwa matawi marefu, na penginepo mizizi mirefu ya miti ya jamii ya migunga, yakiwa mabichi. Hupashwa moto au hulowekwa ili yalegee, yakapindwa na kufungwa katika hali hiyo ya upinde, yakaachwa mpaka yakauke. Yakikauka hayarudi nyuma. Mjapani ana kalibu ya mbao inayompa umbo. Mama wa Buna kalibu yake ni jicho na kumbukumbu, maana fito zote lazima zilingane, la sivyo paa litakaa upande.

Mikeka ndiyo kazi ndefu. Sisi wa pwani mkeka wetu ni wa ukindu: tunachana, tunatia rangi, tunasuka ukili, tunashona. Huko ukindu haupo. Hutumika nyuzi za gome la ndani la mgunga, mkonge wa porini, nyasi, na penye mikoma, mwaa wake. Gome hupondwa, na wanawake wengine hulitafuna, mpaka ukatoka uzi laini. Uzi husokotwa juu ya paja, ukawa kamba, na kamba ndiyo inayofunga mashada ya nyuzi au nyasi, mstari baada ya mstari. Mkeka mmoja huchukua wiki nyingi, na nyumba huhitaji mikeka mingi. Kwa hiyo wanawake hukusanyika, huyu akimsaidia yule, na kazi huenda pamoja na nyimbo na habari za watu, kama zilivyokuwa baraza za wasuka ukili mitaani kwetu.

Mkeka ule una hekima. Wakati wa jua kali, upepo hupita baina ya nyuzi na ndani pakawa na ubaridi. Mvua ikinyesha, nyuzi hunywa maji, zikafura, zikabanana, na matundu yakazibika. Mabati hayajui kufanya lolote katika mawili hayo. Yakipigwa jua huoka watu ndani, yakipigwa mvua hutia watu uziwi.

Na siku ya kuhama, nyumba haiachwi. Kamba hufunguliwa, mikeka huviringwa, fito hufungwa ubavuni mwa ngamia, na baina ya fito hizo hukalishwa watoto wadogo na wana-kondoo wasioweza mwendo. Mikeka mingine maalumu huwekwa mgongoni mwa ngamia chini ya mzigo ili asichubuke. Kwa hivyo hakuna kilichoachwa nyuma ila duara la majivu.

Nilipokuwa nikitazama hayo, ilinijia Surat An-Nahl, aya ya themanini. Humo Mwenyezi Mungu anatutajia neema ya nyumba zifanywazo kwa ngozi za wanyama, ambazo watu huziona nyepesi siku ya safari yao na siku ya kutua kwao. Aya hiyo nimeisoma tangu utotoni. Mwalimu wetu aliifasiri vizuri, lakini mtoto aliyezaliwa katika nyumba ya udongo na mawe ataujulia wapi wepesi wa nyumba? Nimeufahamu nilipouona juu ya ngamia.

CHOMBO KISICHOVUJA

Katika mzigo ule palikuwa na vyombo vya maziwa, nami nilipokitia mkononi kimoja nilishangaa. Waborana hukiita gorfa. Wasomali nao wana chombo chao waitacho dhiil. Gorfa imesukwa kwa nyuzi za mizizi ya mmea mmoja wa porini wenye miiba, uitwao asparagasi na wataalamu wa mimea. Imesukwa, nasema, kama kikapu, lakini haitoki tone. Uzi hushonwa kwa kubanwa sana, mzunguko juu ya mzunguko, kisha chombo hutiwa mafuta na kufukizwa.

Kufukiza ni elimu peke yake. Vipande vya kuni za miti maalumu huwashwa, makaa yakatiwa ndani ya chombo kitupu na kutikiswa, kikafunikwa ili moshi uingie katika kila pindo. Moshi huo huua vijidudu vinavyoharibu maziwa, huziba matundu, na huyatia maziwa harufu ambayo mwenyeji huitambua akiwa amefumba macho. Maziwa yaliyogandishwa ndani ya gorfa Waborana huyaita ititu, na hukaa siku nyingi bila ya kuoza, katika nchi ya joto ambayo barafu yake ni hadithi. Wanawake wa pwani wafukizao nguo kwa udi watafahamu upesi: moshi si uchafu, mradi umejua kuni yake.

NYUMBA NI YA MWANAMKE

Jambo moja nililolipenda ni hili. Katika jamii hizi za Wasomali, Waborana na Wagabra, nyumba ni ya mke. Yeye ndiye aijengaye, ndiye aivunjaye, na mikeka ni mali yake. Msichana akiposwa, mama yake na jamaa zake wa kike huanza kumtengenezea, na siku ya harusi ndiyo siku ya kusimamisha nyumba. Kwa Wagabra, mama humpa binti sehemu ya nyumba yake mwenyewe, ili nyumba mpya iwe na kipande cha ile ya zamani. Fikiri juu ya jambo hilo, msomaji: fito iliyomkinga mama na mvua inamkinga binti, na pengine ilimkinga bibi.

Mwaka 1995 mtaalamu wa Kimarekani, Labelle Prussin, alitoa kitabu kikubwa juu ya majengo ya wahamaji wa Afrika, na humo Wasomali, Warendile na Wagabra wamepewa nafasi yao. Hoja yake kubwa ni kwamba wajenzi wa nyumba hizi ni wanawake, na kwa sababu hiyo, na kwa sababu nyumba zenyewe hazikai mahali pamoja, wataalamu wa majengo hawakuzihesabu. Nami nitaongeza la kwangu: hata sisi Waswahili hatukuzihesabu. Tulipokuwa tukizisikia tukiziita vibanda.

TURUBAI

Asubuhi ya pili nilikwenda kutembea. Kila nilipopita niliona mbavu zile zile za fito zilizopindwa, lakini juu yake pamefunikwa turubai, magunia, maboksi, nguo kuukuu na mifuko iliyoshonwa pamoja. Nyumba zenye mikeka mitupu nilizihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na kidole kikabaki.

Kijana aliyekuwa akinifasiria alinipeleka kwa bibi mmoja mzee, ambaye yeye alimwita akko, kama Waborana wanavyomwita bibi. Alikuwa akitengeneza mkeka uliochanika. Nilimuuliza, kupitia kwa kijana, mkeka mpya utamchukua muda gani. Alicheka. Alisema mkeka mpya hausuki tena, ila anatia viraka vya zamani. Mikono inauma, na miti ya kutoa uzi mzuri sasa iko mbali. Nilimuuliza ni nani miongoni mwa wajukuu zake anayejua kazi hii. Akanyoosha kidole kwa yule msichana aliyeketi karibu naye akisoma daftari la shule, kisha akatikisa kichwa. Hakusema neno, wala kijana hakuwa na la kufasiri.

Si haki kumlaumu yule msichana. Kusoma ni haki yake, na mimi nikiwa mtu wa kalamu sitamwambia aiache shule akatafune magome. Lawama haina mwenyewe mmoja. Kwanza ni ukame. Tangu mwisho wa mwaka 2020 mpaka mwisho wa 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na katika nchi za ufugaji za Kenya mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa. Ngamia wa kubeba nyumba akifa, nyumba haina miguu. Aila hukaa kando ya mji kungojea msaada, mikeka hukaa pale pale juani na mvuani mwaka baada ya mwaka, mchwa wakaipata, na aliyezowea kuisuka safarini hana tena safari. Pili ni makaa: miti hukatwa kwa ajili ya jiko la mjini. Tatu ni wepesi wa turubai, linalonunuliwa leo na kufunikwa leo.

Nenda Dadaab, katika kaunti ya Garissa, ambako kambi za wakimbizi zilifunguliwa mwaka 1991. Wanawake waliotoroka vita vya Somalia walifika mikono mitupu. Walikata vijiti, wakavipinda, wakavifunga kwa duara, kisha wakafunika kwa maturubai waliyogawiwa na Umoja wa Mataifa. Umbo la nyumba walikuja nalo kichwani. Mbavu zilihama nao, ngozi ikabaki njiani. Ndivyo inavyokuwa Buna pia, ila Buna watu hawakukimbia popote.

SOMO LA GIFU

Huko Japani nako umeme uliingia, na taa ya karatasi ikawa kitu cha sherehe na cha kuuzia wageni. Mwaka 1951 alipita Gifu mchongaji wa sanamu, Isamu Noguchi, mtu aliyezaliwa na mama wa Kimarekani na baba wa Kijapani, na baba huyo, niseme kwa fahari kidogo, alikuwa mshairi. Akaona kazi ya mafundi, akakaa nao, akabuni taa mpya kwa upapi ule ule na karatasi ile ile, lakini kwa ajili ya balbu ya umeme na kwa vyumba vya watu wa leo. Aliziita Akari, maana yake mwanga. Baadaye akabuni namna zaidi ya mia moja, na mpaka leo hutengenezwa huko Gifu kwa mkono. Noguchi hakumwambia fundi akae kama babu yake. Alimtafutia fundi mnunuzi mpya.

Je, sisi hatuna la kufanya? Sheria tunayo. Bunge la Kenya lilipitisha mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi na tamaduni, nayo inazipa kaunti kazi ya kuandikisha na kuhifadhi maarifa hayo. Lakini sheria haisuki mkeka. Kaunti ikitaka, yaweza kumwajiri akko yule na wenzake wawili watatu, wakafundisha skulini alasiri moja kwa wiki, kama wanavyofundishwa watoto kushona na kupika. Yaweza kupanda mikonge na kuhifadhi migunga ya uzi. Hoteli zetu za pwani, zinazoagiza vivuli vya taa kutoka ng'ambo, zaweza kuagiza mikeka ya Buna. Mkeka unaopitisha mwanga usiku jangwani utashindwa kupitisha mwanga wa balbu ukumbini?

Wala tusijione sisi wa pwani kuwa ni wa kutoa nasaha tu. Tulikuwa na mtepe. Chombo kizima, kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila ya msumari, na tanga lake la mkeka wa mwaa. Wabajuni na watu wa visiwa vya Lamu walikijenga kwa karne nyingi, kikabeba boriti na chakula pwani yote hii. Fundi wa mwisho alikufa hakuwa na mwanafunzi, na leo mtepe tunautazama kwa mifano midogo ndani ya makumbusho. Alipotakiwa mtu wa kujenga mwingine Zanzibar mwanzoni mwa karne hii, ilibidi kufunua michoro na vitabu. Kazi ya mikono ikishakatika, kuiunga kwake ni hivyo.

Na mimi mwenyewe ni nani wa kusema? Niliporudi nyumbani nilitandika msala wangu kuswali isha. Nikautazama. Ni wa plastiki, umechapishwa rangi za ukindu kwa mashine, nimeununua kwa sababu ulikuwa rahisi. Mama yangu alikuwa msuka ukili hodari mtaani. Mkeka wake wa mwisho niliuacha stoo ukaoza, kama mende walivyoila taa. Sikuweza kumlaumu mende tena. Wiki iliyofuata nilikwenda kwa mama mmoja wa mtaani, mmoja katika wachache waliobaki, nikamwagizia msala wa ukindu. Aliniambia nisubiri miezi miwili, nami nasubiri.

Yule msichana wa Buna mwenye daftari, kabla sijaondoka, nilimwona ameliweka chini. Alikuwa amemshikia bibi yake ncha ya kamba ili asokote. Hakuwa akisuka, alishika tu. Nami nimeondoka na matumaini ya kiasi hicho. Na kwa kuwa mshairi hanyamazi, nimemaliza kwa ubeti huu:

Nyumba iko ngamiani, haijui pa kufika,
Itashuka mchangani, mama atakapoweka,
Na moto uwake ndani, mwanga nje ukitoka,
Mama akenda peponi, nani atajua suka?